Mtoto Asiye na Kaburi



Novemba ni mwezi ambao wengi wetu huwakumbuka marehemu. Tunafyeka majani makaburini, tunapaka chokaa misalaba, tunapeleka majina kanisani yasomwe. Ni kazi ambayo kwa kawaida huanzwa na akina mama. Baba anaweza kusahau kaburi la mtoto aliyefariki miaka kumi iliyopita. Mama hasahau.

Lakini yuko mama ambaye hana kaburi la kufyeka. Mtoto wake alikwenda mbali, akafia huko, na mwili haukurudi. Huyu naye anaombolezaje? Na sisi majirani zake tumsaidieje? Mwezi huu nataka tulizungumze jambo hili kwa kutumia habari ya kweli ambayo imefungamana na Masasi na Newala, ingawa wengi wetu hatukuisikia shuleni. Ni habari ya vijana waliotumwa kuja kwetu kwa njia ya anga, hawakufika, na miezi michache baadaye wakafia baharini.

Vita vilipofika Newala

Wazee wetu waliviita vita vya Mjerumani. Vitabuni tunavijua kama Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyoanza mwaka 1914. Tangu mwaka 1916 jeshi la Wajerumani, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika, lilisukumwa na Waingereza kutoka kaskazini kwenda kusini. Kiongozi wake alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck.

Mwaka 1917 vita viliifikia mikoa yetu ya kusini. Mwezi wa Oktoba kulikuwa na mapigano makali sana Mahiwa, kati ya tarehe 15 na 18. Huko walikufa vijana wengi wa pande zote mbili, wakiwamo vijana kutoka Nigeria walioletwa na Waingereza kupigana katika nchi ambayo hawakuwahi kuisikia. Mwezi wa Novemba majeshi ya Waingereza yalisonga mbele kupita Ndanda na Masasi. Wajerumani wakapanda Uwanda wa Makonde, wakapita Chiwata na Kitangari, mpaka Newala.

Anayeijua Newala anajua hali ya kule juu. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Mahali pazuri sana kwa macho, lakini maji ni shida. Wanawake wa Newala kwa vizazi vingi walishuka mabondeni kutafuta maji na kupanda tena na mitungi kichwani. Sasa fikiri maelfu ya watu wa jeshi wanapanda uwanda huo wakati mmoja, wakitafuta maji hayo hayo machache na chakula kile kile kilichomo ghalani mwako.

Jeshi lile lilikuwa limechoka. Dawa zilikuwa zimekwisha, na magome ya miti yalitengenezwa vitambaa vya kufungia vidonda. Tena msidhani walikuwamo wanaume peke yao. Wake wa askari na watoto wao walitembea na jeshi. Wanawake hao walibeba mizigo, walipika usiku baada ya safari ya mchana kutwa, na wengine walijifungua njiani, kisha wakaendelea na safari na kichanga mgongoni.

Meli ya angani

Huko Ujerumani wakubwa wa vita walijua kwamba jeshi lao la huku limezingirwa. Meli za baharini hazikuweza kupita. Ndipo wakapanga kutuma msaada kwa njia ya anga.

Chombo walichokichagua hakikuwa ndege kama tunazozijua leo. Kilikuwa mfano wa puto refu sana, lenye kiunzi cha chuma chepesi ndani, lililofunikwa kwa kitambaa na kujazwa gesi ya haidrojeni, ambayo ni nyepesi kuliko hewa na huwaka upesi mno. Kilikuwa na injini tano. Urefu wake ulizidi mita 226, yaani viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Kiliitwa L59, na nahodha wake alikuwa Ludwig Bockholt.

Ndani yake kilipakiwa tani 15 hivi za mizigo. Kulikuwa na risasi zaidi ya 300,000. Kulikuwa pia na magunia 61 ya bandeji na dawa, na magunia matatu ya vifaa vya kushonea. Pamoja na wanamaji alikuwamo daktari mmoja.

Jambo la ajabu ni hili: safari ile ilikuwa ya kwenda tu. Huku kwetu hakukuwa na gesi ya kukijaza chombo tena. Kwa hiyo walipanga kikifika Makonde kivunjwe chote. Kitambaa cha nje kishonwe mahema, cha ndani kichanwe bandeji, vyuma vijengewe mnara wa simu ya upepo, na hata ngozi iliyotandikwa katika njia ya kupitia ndani itumike kutengenezea viatu. Na wale vijana zaidi ya 20 waliokileta? Wangebaki huku huku, waungane na jeshi mpaka vita viishe au wao waishe.

Mama, hebu tufikirie hapo kidogo. Vijana wale walikuwa mafundi wa injini, washika usukani, na kijana wa kusikiliza simu ya upepo. Vyombo vya aina ile huwa pia na fundi wa sindano na uzi, ambaye kazi yake ni kuziba matundu ya mifuko ya gesi. Kila mmoja alikuwa na mama nyumbani. Na kila mmoja alikuwa anakwenda mahali ambapo mama yake asingeweza kupaonyesha kwenye ramani.

Waliondoka Jamboli, katika nchi ya Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917. Wakapita juu ya Uturuki, wakavuka bahari, wakaingia jangwa la Misri. Mchana joto la jangwa lilikitikisa chombo mpaka watu wakatapika. Usiku baridi ilikipunguzia chombo nguvu ya kuelea, na nusura kianguke. Injini moja iliharibika, nayo ndiyo iliyotumika kutuma habari kwa simu ya upepo. Tangu hapo waliweza kusikia, lakini hawakuweza kujibu.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 walikuwa wamefika Sudan, magharibi ya Khartoum. Hapo wakasikia amri kwamba warudi. Sehemu kubwa ya Uwanda wa Makonde imeshatekwa, na Kitangari imeshashikwa na Waingereza. Hakuna tena mahali pa kutua.

Wakageuza. Walifika Jamboli asubuhi ya tarehe 25 Novemba, wakiwa wamekaa hewani saa 95 na kusafiri karibu kilomita 6,800 bila kutua hata mara moja. Na siku ile ile Lettow-Vorbeck na watu wake walivuka mto Ruvuma pale Ngomano, wakaingia Msumbiji. Nyuma, kwenye njia ya kutoka Chiwata mpaka Newala, waliachwa mamia ya wagonjwa na majeruhi ambao hawakuweza tena kutembea.

Waliporudi nyumbani

Bila shaka akina mama wa vijana wale walimshukuru Mungu. Watoto wao walikuwa wamenusurika kutupwa Afrika. Lakini vita havikuwa vimewaachilia. Chombo kile kilichokuwa cha mizigo kilibadilishwa, kikafanywa cha kupiga mabomu. Mwezi wa Machi 1918 kiliruka usiku mpaka mji wa Naples, Italia, kikaangusha mabomu. Walikufa raia ambao hawakuwa na bunduki wala cheo. Akina mama wa Naples nao wakalia.

Tarehe 7 Aprili 1918 L59 iliondoka tena Jamboli, safari hii ikielekea kisiwa cha Malta kupiga kituo cha meli za Waingereza. Jioni ilipita juu ya mlango wa bahari wa Otranto, kati ya Italia na Albania. Mabaharia wa nyambizi ya Kijerumani iliyokuwa juu ya maji waliiona ikipita. Baada ya muda mfupi waliona mwali mkubwa wa moto angani, kisha moto ukaanguka baharini. Hakupona mtu. Si Waingereza wala Waitalia waliodai kuwa wameitungua, kwa hiyo inadhaniwa ilikuwa ajali tu: gesi iliwaka.

Ndivyo walivyokwisha vijana waliokuwa waje Newala. Kaburi lao ni bahari.

Je, tuwalilie?

Najua wapo watakaoniuliza, "Mama, hao walikuwa wanatuletea risasi. Iweje tuwakumbuke?" Swali hilo ni halali, wala sitaki kulipita.

Ni kweli. Risasi zaidi ya laki tatu zingefika Newala, vita vingerefuka juu ya uwanda ule. Ghala nyingine zingefagiliwa, wanaume wengine wangekamatwa kubeba mizigo. Heri chombo kile hakikufika. Kazi waliyotumwa haikuwa njema kwetu, na mabomu waliyoangusha Naples hayakuwa mema kwa yeyote. Hatuna haja ya kulifunika hilo.

Lakini mama anapomlilia mwanawe halilii lile bomu. Anamlilia mtoto aliyemnyonyesha na kumfundisha kutembea. Yeye hakuulizwa vita vianze au visianze. Aliletewa habari tu. Kumhurumia mama huyo hakumaanishi kuvisifu vita. Kinyume chake, anayejua uchungu wa mama wa upande wa pili ndiye wa kwanza kukataa mwanawe asifundishwe kumchukia mtu asiyemjua.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Vijana wale wa L59 wanajulikana. Saa waliyoondoka imeandikwa, magunia waliyobeba yamehesabiwa, na vitabu vimetungwa juu yao. Lakini wale waliokuwa chini, katika njia za Masasi na Newala, wamebeba mizigo ya majeshi yale mawili kichwani, majina yao yako wapi?

Wapagazi wetu

Vita vile vilipiganwa kwa miguu ya watu. Magari yalikuwa machache, na ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o. Kwa hiyo kila gunia la mchele na kila sanduku la risasi lilipita juu ya kichwa cha mtu. Waingereza waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja. Wengi wao hawakujitolea. Walikamatwa vijijini, na wengine hawakupata hata nafasi ya kuaga.

Wanahistoria wanakadiria kwamba katika wapagazi wa Waingereza walikufa karibu 95,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, njaa na uchovu. Wapagazi wa upande wa Wajerumani hawakuwekewa hata hesabu kamili. Mtu alianguka njiani, mzigo ukatwikwa kichwa cha mwingine, safari ikaendelea. Mwaka 1918 ikaja homa kubwa ya mafua, ikawaua wengi waliobaki nyumbani.

Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927, na maandishi yake ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanawakumbuka askari pamoja na wapagazi. Lakini hayataji hata mtu mmoja kwa jina. Lipo pia soko la Kariakoo, ambalo jina lake limetokana na jeshi lile la wapagazi. Tunakwenda pale kununua vitenge na sufuria, tunabishana bei, wala hatukumbuki kwamba tumelitaja jina la wafu.

Mwaka 2021 ile tume ya nchi za Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kwa neno hilo kusemwa.

Rispa juu ya mwamba

Katika Biblia yuko mwanamke ambaye hatumsomi mara nyingi. Anaitwa Rispa, na habari zake ziko katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 21. Wanawe wawili waliuawa kwa mambo ya wafalme, na miili yao ikaachwa mlimani bila kuzikwa. Rispa hakuwa na jeshi wala cheo cha kumpinga mfalme. Alichukua nguo ya gunia, akaitandika juu ya mwamba, akakaa. Mchana aliwafukuza ndege, usiku aliwafukuza wanyama, tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha.

Mfalme Daudi alipoambiwa alilofanya Rispa, ndipo akakumbuka. Akaikusanya mifupa, hata ile ya Sauli na Yonathani iliyokuwa imeachwa mbali, akaizika.

Unaona, mama? Wakubwa walikuwa wamesahau. Mwanamke mmoja aliyekataa kuondoka ndiye aliyewakumbusha.

Yatupasayo kufanya

Sisi wa kusini, Wamakonde, Wamakua na Wayao, tangu zamani ukoo tumeuhesabia kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Basi na kumbukumbu ya ukoo imewekwa mikononi mwetu. Tukiiacha ipotee, tusimlaumu mwingine. Haya ni mambo machache tunayoyaweza.

Kwanza, tuulize wazee wakiwa hai. Watu walioviona vita vile wamekwisha, lakini wajukuu wao wapo. Keti na bibi mkimenya mihogo au mkibangua korosho, umwulize: ni nani wa ukoo wetu alichukuliwa asirudi? Aliitwa nani? Alikuwa mtoto wa nani? Usimkatishe akirudia rudia.

Pili, tuandike. Nunua daftari moja gumu, liwe la ukoo. Andika jina, jina la mama yake, kijiji, na alikopelekwa. Kama jina limesahaulika, andika "kaka wa bibi fulani". Hilo nalo ni jina. Karatasi ya nyumbani inaweza kuokoa kile ambacho jiwe la serikali halikukitaja.

Tatu, tulitumie jina. Kwetu ni desturi mtoto kurithi jina la marehemu. Lakini mara nyingi tunampa mtoto jina bila kumweleza lilikuwa la nani. Mweleze. Mtoto anayejua kwamba amebeba jina la mtu aliyekufa njiani akibeba mzigo wa vita vya wengine, hatakuwa mwepesi wa kushangilia vita.

Nne, na hili ni la leo, tuwatembelee akina mama ambao watoto wao wamefia ugenini. Nao tunao. Pale Naliendele, Mtwara, wamelala askari wetu waliofia Msumbiji. Mwaka 2013 askari saba wa Tanzania waliuawa Darfur wakilinda amani. Mwezi wa Desemba 2017 wengine wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, mashariki ya Kongo. Na wako vijana waliozama baharini au waliokwenda kutafuta maisha na habari zao zikakatika. Kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa kwa gwaride. Ni jambo jema, lakini gwaride likiisha, mama anarudi nyumbani peke yake.

Tunapokwenda kwake tusimwambie, "Umeshasahau, sasa endelea na maisha." Tusimwambie, "Afadhali alikufa shujaa." Tumwambie, "Tueleze alikuwaje." Tumtaje mtoto kwa jina lake. Wengi wetu huogopa kulitaja jina tukidhani tutalitonesha donda. Lakini mama aliyefiwa hukaa na jina hilo kila siku. Kinachomwumiza ni kuona wengine wote wameacha kulitaja.

Na kama mwili haukurudi, familia inaweza kuchagua mahali. Wengine hupanda mti, wengine huweka msalaba mdogo kando ya kaburi la babu. Si kaburi, lakini ni mahali pa kusimama. Rispa naye hakuwa na zaidi ya mwamba na gunia.

Mwezi huu tunapotaja marehemu wetu, nawaomba tuongeze sentensi moja: tuwakumbuke waliobeba mizigo katika njia za Masasi na Newala, ambao majina yao anayajua Mungu peke yake. Na tukiwa na nafasi moyoni, tuwakumbuke na wale vijana wa meli ya angani, waliokuwa waje kwetu bila kualikwa, pamoja na watu wa Naples waliouawa kwa mabomu yao. Wote walikuwa na mama.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi vyetu:

1. Katika ukoo wako, ni nani aliyekwenda vitani, baharini au ugenini asirudi? Unalijua jina la mama yake?

2. Katika jumuiya yenu yuko mama aliyefiwa na mtoto mbali na nyumbani? Ni lini mara ya mwisho mlimtembelea na kumtaja mtoto huyo kwa jina?

3. Tunawaelezaje watoto wetu habari za vita bila kuwafundisha chuki?